Gari la Jinja, la Nairobi au la Japani? Hesabu za anayerudi nyumbani

ANAYETOKA Kampala akavuka Mto Nile kwa daraja lililofunguliwa Oktoba 2018 hakawii kufika Nalufenya. Hapa ndipo anayeingia mjini Jinja huachana na yule anayeendelea na barabara kuu kuelekea Iganga, Tororo na mpakani Malaba. Ukikaa Nalufenya saa moja tu, utajua Afrika Mashariki inaendesha nini.

Mengi ni Toyota. Premio, Wish, Noah, Harrier, na ile Corolla ya zamani ambayo Waganda waliipa jina la kikumi na ambayo imekataa kufa. Kuna Hiace za abiria, ambazo huku huitwa taksi, si matatu. Kuna Fuso na Isuzu zilizosheheni ndizi, mahindi na saruji. Kuna yale yasiyo na namba, viti bado vimefunikwa nailoni, yaliyoshushwa melini Mombasa juzi na kuletwa kwa magurudumu yao yenyewe kupitia Malaba au Busia. Na mara moja moja hupita basi refu lisilo na mngurumo wala moshi. Hilo ni Kayoola, na kiwanda chake kiko papa hapa Jinja, upande wa Kakira.

Mimi ni mkazi wa hapa, na kwa miaka kumi na mitatu nimekula jasho la mpaka: kununua huku, kuuza kule, kulala Malaba foleni ikikataa kusonga. Kwa sababu hiyo ndugu na marafiki wanaorudi kutoka Muscat, Doha, London na hata Boston hunipigia simu na swali lile lile. Pesa nimeweka. Ninunue gari la kwetu au la wageni? Lipi imara, na lipi lina thamani ya pesa?

Nimelijibu swali hili mara nyingi kiasi kwamba nimeona afadhali niliandike. Na jibu langu huwaudhi wengi, kwa kuwa sianzi na nchi ya kiwanda. Naanza na fundi. Kwangu mimi gari ni la hapa pale ambapo fundi wa hapa analijua hata gizani, na kipuri chake hupatikana kabla jua halijazama. Kwa kipimo hicho kikumi ni Mganda kamili, ingawa alizaliwa Japani.

Lakini tuanze na lile lenye haki ya kuitwa la kwetu.

BASI LA MTO KIIRA

Kiira ndilo jina ambalo wenyeji wa huku huuita Mto Nile. Mradi wa gari lenye jina hilo ulianzia Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 2007 wanafunzi na wahadhiri wa Makerere walijiunga na wenzao wa vyuo vingine, chini ya uongozi wa Politecnico di Torino ya Italia, kubuni gari la viti vitano liitwalo Vision 200, ambalo lilionyeshwa Turin mwaka 2008. Waliporudi nyumbani waliamua kujaribu wenyewe. Novemba 2011 wakatoa Kiira EV, kigari cha viti viwili kinachotumia umeme. Mwaka 2014 ikafuata Kiira EV Smack, ya viti vitano, inayochanganya petroli na umeme. Februari 2016, katika uwanja wa Namboole, wakaonyesha basi la Kayoola la viti 35 lenye paneli za sola juu ya paa.

Magazeti ya dunia yaliandika. Waganda wengine walishangilia, wengine walicheka. Mimi nilikuwa kati ya walionyamaza nikingoja kuona kiwanda.

Kiwanda kimekuja. Ujenzi ulianza mwaka 2019 katika eneo la ekari 100 kwenye bustani ya viwanda ya Jinja, kazi ikifanywa na shirika la kibiashara la jeshi, National Enterprise Corporation. Kimebuniwa kiweze kutoa magari 5,000 kwa mwaka. Kampuni ya Kiira Motors ni ya umma: serikali inashikilia asilimia 96 ya hisa na Makerere asilimia 4. Na uamuzi mkubwa walioufanya ni kuachana kwanza na vigari vidogo na kujikita katika mabasi ya umeme. Kayoola EVS, basi la mjini lenye sakafu ya chini, hubeba abiria 90 waliokaa na waliosimama, na kwa maelezo ya watengenezaji huenda kilomita 300 hivi kabla ya kuchajiwa tena.

Kwa ubora, sioni sababu ya kulidharau basi hili. Basi la umeme halina klachi, halina nozeli za dizeli, wala halibadilishwi oili ya injini kila baada ya kilomita elfu kadhaa. Hata breki hudumu zaidi, maana mota yenyewe husaidia kupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Mwenye kampuni ya mabasi yanayozunguka mji mmoja na kulala kituo kimoja anaweza kupiga hesabu ya miaka kumi na kuona faida. Umeme nao hauko mbali. Jinja ina mabwawa ya Nalubaale, lililojengwa 1954 likaitwa Owen Falls, na Kiira, na chini kidogo ya mto kuna Bujagali.

Sasa niseme upande wa pili. Betri ndiyo gharama kubwa ya gari la namna hii, na betri zinatoka nje. Mshirika wa kiufundi wa basi la EVS alikuwa kampuni ya Kichina. Kifaa cha kielektroniki kikikataa, fundi wangu wa Nalufenya hana la kufanya zaidi ya kukuna kichwa. Ni lazima gari lirudi kwa waliolitengeneza. Kwa mwenye mabasi ishirini na mkataba wa matengenezo hilo si tatizo. Kwa mama anayetoa vitunguu Kapchorwa ni tatizo kubwa.

Na lililo muhimu zaidi kwa msomaji wa ukurasa huu: Kiira EV na Smack vilibaki kuwa vielelezo vya uwezo wa wahandisi wetu. Havikuuzwa madukani. Akija mtu kukuambia uweke akiba yako ukingoje gari dogo la Jinja, mwulize linauzwa wapi, kwa bei gani, na vipuri vyake viko kabati gani.

Jirani zetu Wakenya wanalijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata kama lingekuwa la sura mbaya na la mwendo wa pole. Februari 1990 Nyayo Pioneer ikazinduliwa Kasarani. Magari matano ya majaribio yalitengenezwa, na moja likakimbia kilomita 120 kwa saa. Halikuwa la pole kama alivyoliruhusu Rais. Lakini fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, na shirika lile likageuzwa kuwa karakana ya kuchonga vipuri vya viwanda, Numerical Machining Complex.

Baadaye ikaja Mobius, gari gumu la barabara mbaya, lililobuniwa na Mwingereza Joel Jackson huko Kenya. Lilikuwa na wazo zuri: liondolewe madoido yote ili bei ishuke. Shida ni kwamba kwa bei lile lilipofikia, Mkenya wa kawaida alipata mtumba wa Japani wenye kiyoyozi, redio na jina linalofahamika. Agosti 2024 kampuni ilitangaza kwamba inafungwa kwa sababu ya madeni, kabla ya mnunuzi mpya kujitokeza. Fikiria wewe ndiye uliyelinunua Julai.

Anayenunua gari hununua pia kampuni. Mkataba wako na kiwanda huendelea hata baada ya kulipa, kila unapotafuta taa iliyovunjika au mlango uliobonyea.

ISUZU MBILI, UKOO MMOJA

Hata hivyo, magari ya kwetu si yale yaliyobuniwa huku tu. Kuna mengi yanayoletwa vipande vipande na kuunganishwa na mikono ya Waafrika Mashariki. Wazee wanakumbuka Peugeot 504 zilizounganishwa Mombasa, ambazo zilibeba abiria hadi huku kwetu zikiwa zimelemewa mpaka bampa karibu iguse lami. Kiwanda cha Mombasa, Associated Vehicle Assemblers, bado kipo. Thika kuna Kenya Vehicle Manufacturers. Rwanda ilianza kuunganisha Volkswagen mwaka 2018. Nairobi, kwenye Mombasa Road, kuna Isuzu East Africa, kampuni iliyoanza 1975 kwa jina la General Motors Kenya na kuchukuliwa na Isuzu mwaka 2017.

Hapa ndipo ulinganisho unakuwa wa haki, kwa kuwa tunaweza kuweka bega kwa bega magari ya ukoo mmoja. Lori dogo la NKR linalotoka Nairobi na lile Isuzu Elf linaloletwa kuukuu kutoka Japani ni ndugu wa tumbo moja. Moja limeunganishwa kwa ajili ya barabara zetu. Jingine lilizaliwa kwa ajili ya barabara za Osaka, likatumika huko miaka kadhaa, kisha likauzwa mnadani.

Mpwa wangu aliporudi kutoka Oman, baada ya miaka minne ya kazi za nyumbani, alikuwa na pesa za kutosha lori moja, na si zaidi. Biashara aliyoikusudia ni kushusha vitunguu na maharage kutoka Kapchorwa na Mbale hadi Malaba na Busia, na kurudi na sabuni, sufuria na bidhaa za plastiki.

"Mjomba," aliniambia, "pesa hii nimeilipia kwa usingizi wangu. Sina ya pili."

Tulichukua siku tatu. Tulitafuta NKR moja na Elf mbili, tukampeleka fundi mmoja wa hapa Nalufenya alale chini ya kila moja. Ni mtu mzima, mikono yake haitoki weusi wa grisi hata Jumapili, na Kiswahili chake alikiokota gereji za Eldoret. Hasifu gari hovyo.

La Nairobi lilimfurahisha kwa mambo mawili. Springi zake za majani zilipangwa kwa mzigo wa kweli, si kwa kubeba friji na makochi ya mtu anayehama nyumba Tokyo. Na injini yake ilikuwa ya mtindo wa zamani, isiyo na waya nyingi, ambayo hata akiharibikiwa nayo njiani Tirinyi usiku ataitibu kwa spana na tochi. Kwa miaka mingi malori yaliyounganishwa Kenya yalikuja na injini za aina hiyo kwa makusudi, kwa kuwa waunganishaji wanajua dizeli yetu na mafundi wetu.

Elf ya kwanza, ile iliyotoka melini karibuni, ilikuwa safi kuliko NKR. Kibini hakina mkwaruzo, rangi inang'aa, mileji ndogo. Fundi aliitazama paipu ya moshi, akatikisa kichwa. Ilikuwa na kichujio cha masizi ambacho Wajapani huweka kwenye malori ya miaka ya karibuni. Kichujio hicho hujisafisha chenyewe lori likikimbia kwa joto la kutosha. Kwa lori linalokokota Malaba mwendo wa konokono, au linalozimwa na kuwashwa kila kituo cha soko, huziba. Kukisafisha kunataka kompyuta ya kusoma hitilafu. Kukibadilisha kunataka pesa ya kununua ng'ombe kadhaa.

"Dada yangu," fundi alimwambia mpwa wangu, "hili ni gari zuri la mtu mwingine."

Bei ya NKR nayo ilikuwa kizingiti. Lori jipya kutoka kiwandani, pamoja na dhamana yake, lingemla akiba yote na kumwachia deni la benki. Na NKR iliyokwisha kutumika Kenya ina mambo yake, hasa kwa mwenzangu wa Busia anayefikiri akivuka nalo tu limekuwa lake. Gari lenye namba za Kenya haliwi la Uganda kwa kuvuka daraja. Litaingia kwa kibali cha muda na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, na ukitaka libaki lazima likadiriwe kodi na kusajiliwa upya. Ule utaratibu rahisi wa cheti cha uasili kwa wachuuzi wadogo unahusu bidhaa zisizozidi dola 2,000, zilizo kwenye orodha. Lori haliingii humo, hata likiwa bovu kiasi gani. Kama muuzaji anadai gari limeunganishwa Kenya na hivyo halina ushuru, mwambie akuonyeshe cheti cha uasili kabla hujatoa hata senti.

Tuliishia kwenye Elf ya pili. Hii ilikuwa na namba za Uganda tayari na imefanya kazi Jinja miaka kadhaa mikononi mwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Rangi imechoka, mlango wa kushoto unafungwa kwa ujuzi. Lakini injini ilikuwa ya pampu ya zamani, springi zilikwisha kuongezwa jani moja kila upande, na fundi aliyelihudumia miaka hiyo yote tulimkuta na kumhoji. Aliyasema mabaya yake bila kuficha: linakunywa maji kidogo, na gia ya pili inahitaji heshima. Kodi zote zilikwisha lipwa na mtu mwingine. Pesa iliyobaki mpwa wangu aliitumia kununua rejeta, tairi mbili na mtaji wa vitunguu.

Watu wa mjini hulidharau gari la namna hii, wakiliita mtumba wa mtumba. Mimi naliita gari lililokwisha kulelewa hapa. Magonjwa yake yanajulikana, na lile la melini linaficha yake chini ya polishi.

MTUMBA UNAOVUKA BAHARI

Najua wengi wenu hamtaki lori. Mnataka gari dogo la familia, na mmeshaliona kwenye simu likiwa Yokohama, bei yake ikionekana ya kutupa. Hapo tupige hesabu pamoja.

Chukua gari ambalo bei yake, bima na nauli ya meli jumla ni Sh10 milioni za Uganda. Kwa viwango tulivyovizoea, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni Sh2.5 milioni. VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya bei pamoja na ule ushuru, yaani juu ya Sh12.5 milioni, nayo ni Sh2.25 milioni. Kodi ya zuio ya asilimia 6 ni Sh600,000, na tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5 ni Sh150,000. Jumla ni Sh5.5 milioni. Gari la milioni 10 limekuwa la milioni 15.5, na bado hujalipa usajili, wakala wa forodha, wala dereva wa kulileta kutoka Mombasa.

Halafu kuna umri. Sheria ya mwaka 2018 ilipiga marufuku Uganda kuingiza gari lililotimiza miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, na yale makuukuu zaidi kati ya yaliyo chini ya hapo huongezewa tozo ya mazingira, ambayo si ndogo. Hivyo gari la bei ya chini zaidi huko Japani mara nyingi ndilo ghali zaidi likifika. Kenya ni kali kuliko hapo: gari lililopita miaka 8 haliingii. Wakenya pia waliongeza ushuru wa forodha hadi asilimia 35 mwaka 2023. Tanzania haina ukuta wa namna hiyo, ila humtoza zaidi mwenye gari kuukuu.

Jambo jingine linalowashangaza wageni wa biashara hii ni kwamba URA haifungwi na risiti yako. Ina thamani zake inazozikubali kwa kila aina ya gari na mwaka wake, na hukadiria kwa hizo. Muuzaji akuandikie risiti ya nusu bei, hujapata chochote isipokuwa mashaka. Tena kwa mizigo inayokuja Uganda, tangu Eneo Moja la Forodha lianze mwaka 2014, kodi zinaweza kulipwa mzigo ukiwa bado Mombasa. Basi ulizia makadirio mapema, kabla meli haijang'oa nanga.

Kuhusu ubora, omba karatasi ya mnada. Wajapani hulikagua gari kabla ya kuliuza na kulipa alama. Alama ya 4 ni gari zuri. Alama ya R au RA maana yake liliwahi kupata ajali na kutengenezwa, hata kama linang'aa namna gani. Linganisha mileji iliyo kwenye karatasi hiyo na ile iliyo kwenye dashibodi siku litakapofika. Kurudisha nyuma mileji ni kazi ya dakika chache, na wapo wanaoifanya kwa kujipatia mkate. Tazama pedeli ya breki na usukani: gari la kilomita 60,000 haliwi na pedeli iliyolika hadi chuma.

Kabla ya kulipa, nenda gereji tatu tofauti za mji utakaoishi, si Kampala wala Nairobi, na uulize bei ya shokabsoba, taa ya mbele na pampu ya maji ya gari hilo. Wakikujibu wote bila kupiga simu, gari hilo lina kwao hapa. Wakianza kupiga simu Kisekka, jua kwamba kila ukiharibikiwa utangoja basi la Kampala. Ndiyo maana nawaambia wakazi wa Mbale wanaopenda magari ya Ulaya wafikirie mara mbili. Injini zinaweza kuwa bora kuliko Toyota, sibishi. Lakini ubora uliolala gereji wiki mbili ukingoja sensa kutoka Dubai haulishi watoto.

WANAORUDI NA GARI LAO

Wapo wasiotaka kununua kabisa, kwa kuwa gari wanalo tayari huko waliko. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inawapa nafasi ambayo wengi huipoteza kwa kutojua. Mtu anayehamisha makazi kurudi nyumbani anaweza kuingiza gari moja bila ushuru, mradi liwe lake na amelitumia mwenyewe huko nje kwa angalau miezi 12, bila kuhesabu siku za melini. Basi la abiria zaidi ya 13 halimo, wala gari la mizigo la zaidi ya tani mbili. Ukija ukaliuza, kodi iliyosamehewa itadaiwa. Na msamaha wa ushuru hauondoi sharti la umri. Anayerudi Kenya na gari la miaka 9 atakwama bandarini, hata kama amelimiliki tangu likiwa jipya.

Kwa ndugu zetu wa Ghuba kuna kikwazo cha usukani. Magari ya Oman, Qatar na Imarati yana usukani kushoto, nasi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara. Kuyapita malori ya Malaba ukiwa umeketi upande wa mtaro ni kucheza na roho yako na za wengine. Kenya haisajili magari hayo isipokuwa ya kazi maalumu kama ya wagonjwa na zimamoto. Ina utaratibu, wenye masharti yake, unaomruhusu anayerudi kutoka nchi za usukani kushoto kununua la usukani wa kulia mahali pengine badala ya lile. Ulizia KRA kabla ya kuliuza la zamani, kwa sababu ushahidi wa umiliki ndio utakaotazamwa.

Wa Uingereza wana nafuu ya usukani, maana wako upande wetu. Lakini lale chini ya gari lake kwanza. Chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi hula chuma cha chini, na kutu hiyo haionekani kwenye picha. Magari ya dizeli ya huko yana vichujio vya masizi kama ile Elf ya kwanza ya mpwa wangu. Dizeli yetu imeboreka, tangu Afrika Mashariki ilipohamia ya salfa isiyozidi 50 ppm mwaka 2015, lakini mwendo wa kusimama na kuondoka ni ule ule. Nikiulizwa, nasema afadhali la petroli, tena la Kijapani, hata kama lilinunuliwa Birmingham.

Anayekusudia kurudi mwakani aanze kukusanya karatasi sasa. Aliye Muscat ahifadhi mulkiya yenye jina lake na tarehe. Aliye Uingereza ajue kwamba V5C huonyesha nani amesajiliwa kuwa mtunzaji wa gari, na yenyewe haihesabiwi kuwa uthibitisho wa umiliki. Aiambatishe na risiti ya kununulia, bima za miezi hiyo 12 na vyeti vya ukaguzi wa MOT, vyote kwa jina lile lile lililo kwenye pasipoti.